Sura ya Saba: Hauna Njugu

Kilichomponza Mutanu ni kwamba alijua. Majirani hawakujua, mumewe alijua nusunusu, na mama mkwe alikataa katakata kujua. Mutanu peke yake ndiye aliyefahamu vizuri kwamba mtoto Kanini akila njugu anaweza kufa, na sasa Kanini alikuwa amekufa, akiwa na umri wa miaka saba.

Saa moja asubuhi ya Jumapili, tarehe ishirini na saba Juni 2004, Inspekta Nthambi wa upelelezi pale Machakos aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa lebo ndogo iliyotolewa kwenye pakiti ya unga wa uji: *Uji wa Safiya. Wimbi, mtama, mahindi. HAUNA NJUGU.* Nyingine ilikuwa barua ya Mutanu kutoka seli, akiomba blanketi. Herufi zilikuwa za mkono mmoja, na hakuhitaji mtaalamu wa Nairobi amwambie hivyo.

Mkuu wake, Bwana Erastus, aliingia akiwa na kikombe cha chai.

"Bado unaangalia hizo karatasi?"

"Bado."

"Nthambi, hii kesi imeisha. Mama wa kambo anajua mtoto hawezi kula njugu. Anaandika lebo kwa mkono wake, hauna njugu. Anapika uji. Mtoto anakunywa, koo inavimba, nusu saa amekufa. Mkemia wa serikali amepata njugu kwa mkebe wa jikoni. Tukachukua pakiti ingine ya unga huohuo kwa huyo mama anayeutengeneza, mkemia akasema hiyo ni safi. Sasa hiyo njugu ilitoka wapi kama si mkono wa Mutanu?"

Swali hilo ndilo lililokuwa limemnyima Nthambi usingizi. Mwanzoni kila mtu alisema ni mahindi yenye ukungu, kwa kuwa mwaka ule ukungu ulikuwa umeua watu wengi Ukambani. Lakini sumu ya ukungu huchukua siku kadhaa na huanza kwa kugeuza macho manjano. Wengine wakasema ni dawa ya kuhifadhi nafaka. Daktari aliyempasua mtoto hakuona dawa wala ukungu. Aliona koo lililoziba, basi.

"Mtu anataka kuua na njugu," Nthambi akasema, "anaandika hauna njugu ya nini?"

"Ndio mama mkwe akiuliza, amuonyeshe karatasi."

"Mama mkwe hajui kusoma."

Erastus alikunywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu la kwanza. "Siku kumi na nne za kumweka ndani zinaisha kesho. Saa tatu asubuhi yuko kortini, na mauaji haina bondi, hakuna kutoka kwa dhamana. Mimi natoka hapa leo saa kumi na mbili jioni. Ukiniletea kitu ya kushikika kabla ya hiyo saa, nitaangalia. Maneno sitaki."

*

Mutanu alikuwa amekaa sakafuni, miguu peku, kwa maana viatu vya mahabusu huwekwa kabatini. Wiki mbili zilikuwa zimemkausha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na pale kwenye mwanga wa kidirisha mtu angempa arubaini.

"Afande, walimzika na nguo gani?"

Nthambi hakulitarajia swali hilo. Mtoto alikuwa amezikwa Muthetheni, nyumbani kwa baba yake, siku tano baada ya kifo, na hakuna aliyekumbuka kuja kumwambia Mutanu.

"Sijui, Mutanu. Nitauliza." Akamwonyesha lebo kupitia nondo. "Hii ni mwandiko yako."

"Ni yangu. Zote ni zangu. Mama Safiya akiandika, watu hawawezi soma, kwa hivyo mimi huandika karatasi arubaini na tano kila gunia. Ni mimi nilimuomba atengeneze ingine haina njugu, juu kila unga ya uji hapa Machakos iko na njugu. Dukani nilikuwa nasoma pakiti zote. Wananicheka, wananiita mwalimu wa biskuti."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Yule afande mwingine akaandika tu nimekubali mwandiko."

Nthambi alivuta pumzi. Alimjua yule afande mwingine, na alimtukana kimoyomoyo kwa Kikamba. "Huo uji, wewe ulikunywa?"

"Nilionja. Ilikuwa tamu kuliko siku zingine. Laini, na juu imekaa kama mafuta mafuta. Nikafikiria ni wimbi mpya." Akaanza kulia bila sauti. "Nilimwambia Kanini, leo uji imetoka vizuri."

Nthambi aliandika: *laini, mafuta.* Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. "Ulinunua pakiti ngapi?"

"Mbili. Nilifika wa kwanza, Mama Safiya akiwa bado anafunga. Moja ya Kanini, moja nikampa mume wangu Musili apelekee mama yake Muthetheni. Nilitaka tuelewane."

*

Zaituni, ambaye mtaa mzima wa Majengo humwita Mama Safiya, alifungua mlango nusu. Alipomwona Nthambi alishika khanga kifuani.

"Mlishachukua unga, mkapima, mkasema ni safi. Sasa mwataka nini tena?"

"Nataka nikuone ukifanya kazi, Mama Safiya. Usinieleze. Nionyeshe."

Mama huyo alikuwa mtu wa Mombasa kwa wazazi, lakini alizaliwa Machakos na hakuwa na mpango wa kuhama. Alimwingiza chumba cha nyuma. Kulikuwa na beseni jekundu na beseni la buluu. La buluu lilikuwa la unga usio na njugu na lilikuwa na kijiko chake na kitambaa chake. La njugu lilikaa chumba kingine kabisa. Nthambi alinusa beseni la buluu, akachunguza mpini wa kijiko, akapekua kitambaa. Alikuwa ametumaini kukuta uchafu, na usafi ule ulimvunja moyo.

"Njugu huwa unafunga lini?"

"Alhamisi. Huu mwingine Jumanne, kabla njugu haijaingia hapa ndani. Mimi sichanganyi, Inspekta. Yule mtoto alikuwa akicheza na Safiya wangu hapa uani. Waniona mimi nachanganya?"

Alimwonyesha anavyofunga: unga kwenye mfuko wa plastiki, lebo ndani, mdomo wa mfuko kukunjwa juu ya kipande cha msumeno wa chuma, halafu kupitishwa kwenye moto wa mshumaa. Plastiki iliyeyuka na kuacha mstari wenye meno madogo ya msumeno. Ukishafunguliwa, mfuko huo haufungiki tena ukafanana. Hilo nalo Nthambi aliliandika.

"Kusaga wasaga wapi?"

"Kwa Mzee Ndeti, sokoni. Na namwambia kila mara aoshe mashine kwanza. Mutanu ndiye alinikazania. Alisema daktari kamwambia hata vumbi la njugu laweza kumdhuru."

"Aoshe na maji?"

Zaituni karibu acheke. "Maji kwenye mashine? Itashika kutu. Aosha na mahindi. Amwaga gorogoro mbili, zile kopo za kilo mbili mbili, za mahindi matupu, yapita, yachukua uchafu wote, ndipo asage wangu."

"Hizo gorogoro mbili zinaenda wapi?"

"Zabaki hukohuko. Sijui."

"Na hilo gunia la mwisho, kulikuwa na tofauti yoyote? Fikiria pole pole."

Zaituni alifikiria. "Nilizozana naye kidogo. Nilipeleka kilo tisini, mizani yasema themanini na sita. Nikamwambia, mzee, hizo kilo nne zimeliwa na panya gani? Akasema mashine hupoteza. Nikasema haipotezi hivyo. Mimi ni mjane, sina cha kupoteza. Basi akaenda nyuma, akarudi, na gunia…"

Akauzima mshumaa.

"Na gunia likawaje?"

"Likatimia," Zaituni alisema, na mkono ukampanda mdomoni. "Yaa Rabbi. Likatimia."

Nthambi alikuwa ameacha kuandika. "Alimwaga wapi? Ndani kabisa au juu?"

"Juu. Mimi nikachanganya juu juu kwa mkono, nikafunga."

"Na ukaanza kupakia kutoka juu."

"Watoka wapi tena kama si juu?"

Kwa hiyo ndiyo maana pakiti ya polisi ilikuwa safi. Polisi walifika wakati gunia limebaki chini, wakachukua pakiti ya mwisho mwisho, wakaipima, wakafunga mjadala. Nthambi alichukua pakiti nyingine kati ya tatu zilizokuwa hazijauzwa na kuitia sahihi ya Zaituni na yake.

*

Mzee Ndeti alikuwa akitoka kanisani, suti ya kijivu, Biblia kwapani, akisalimia watu mmoja mmoja kama mzee wa kanisa anavyopaswa. Nthambi alimngoja kando mpaka mkono wa mwisho.

"Wi museo, mzee?" alimjulia hali kwa Kikamba.

"Ni museo, mwiitu, binti yangu. Leo polisi wamekuja kuomba?"

"Nimekuja kuomba ufungue kinu."

"Siku ya Bwana?"

"Siku ya Bwana, mzee."

Kinu kilikuwa hatua chache tu kutoka sokoni. Ndani kulinuka mahindi na dizeli. Nyuma ya mashine, juu ya matofali, kulikuwa na debe tupu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya unga ya kuoshea mashine."

"Mbona tupu?"

"Nimegawa." Mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini jua huchomoza. "Inspekta, mwaka huu nani anamwaga unga? Watu wanakula mara moja kwa siku. Mtu akiniambia mzee, unga yangu imepungua, mimi namwongezea kutoka hapo. Naongezea kila mtu. Tangu baba yangu awe na hii mashine, hakuna mtu ameondoka hapa akinung'unika."

"Mama Safiya ulimwongezea?"

"Nilimwongezea. Gorogoro mbili zimejaa. Yule mama ni mkali."

"Na kabla ya kusaga yake, nani alikuwa amesaga?"

"Akina mama wa kikundi. Wale wa unga ya watoto wenye utapiamlo."

"Unga yao iko na nini?"

"Mahindi, soya, na…" Mzee aliishika mashine.

"Na nini, mzee?"

"Njugu," alisema Ndeti. "Nusu ilikuwa njugu. Wavu wote wa mashine ulijaa mafuta, nikapitisha mahindi ndio isafike."

Nthambi aliingiza mkono kwenye debe na kupitisha kidole pembeni, kwenye mshono wa bati. Kilitoka na tope la manjano lenye harufu ya njugu iliyochacha. Alimwonyesha mzee. Mzee alikaa juu ya gunia, suti na yote.

Ndeti alisema, "Ile unga ilikuwa safi. Ni chakula. Njugu ni chakula."

"Kwa yule mtoto haikuwa chakula. Mzee, nataka uandike haya yote na utie sahihi. Kesho saa tatu kuna mwanamke anashtakiwa kwa kuua, na hakuua."

"Nikitia sahihi, basi ni mimi nimeua."

"Mimi sijasema hivyo."

"Lakini watasema. Pale kanisani watasema." Alifuta unga kwenye jalada la Biblia. "Wacha nimwambie mama wa nyumbani kwanza. Siwezi fanya kitu kama hiyo bila kumwambia."

Nthambi angeweza kumkamata. Alijua pia kwamba maneno yanayotolewa na mzee aliyefungwa pingu siku ya ibada hukanwa kortini siku inayofuata. "Saa kumi na moja na nusu, stesheni," alisema. "Usipokuja, kesho Mutanu anapanda kizimbani."

Mzee alifunga kinu, akaelekea nyumbani.

*

Barabara ya Muthetheni ilikuwa vumbi na mawe, na dereva wa Land Rover alikumbusha mara nne kwamba mafuta hayatoshi. Mashamba pande zote yalikuwa makavu, mabua yamesimama bila magunzi. Nthambi alihesabu saa. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa tope la kidoleni na mzee ambaye labda angekuja. Erastus alitaka kitu cha kushikika. Kitu hicho kilikuwa kimoja duniani: pakiti iliyotoka juu ya gunia na haijawahi kufunguliwa.

Mama mkwe, Wanza, alikuwa uani akichambua kunde. Alikuwa mwembamba, mrefu, na uso wake haukulainika alipoona gari la serikali. Nthambi alimwamkia, akakaa kwenye kigoda alichopewa, akasema pole ya msiba kama inavyofaa. Ndipo akauliza.

"Mwaitu, mama, Musili alikuletea unga kutoka kwa Mutanu. Uko wapi?"

"Uko hapo ndani. Sikufungua." Wanza alitema mate pembeni. "Kitu ya yule mwanamke haiingii kwa mdomo yangu. Alikuwa ananyima mjukuu wangu njugu, watoto wote wanakula, yeye anaangalia. Huyo ni mtu?"

Nthambi alisogeza kigoda mbele. Chuki ya mama mkwe ilikuwa imefanya kazi ambayo stoo ya polisi haikuweza kufanya. "Naomba niione."

Wanza aliingia ndani, akatoka na pakiti. Mstari wa mshumaa ulikuwa mzima, meno ya msumeno yote yamepangana.

"Chukua. Wapime. Wakipata sumu ya kuniua mimi pia, wamnyonge mara mbili."

Mtu mjanja angenyoosha mkono, akashukuru, akaondoka. Nthambi alitamani kuwa mjanja. Lakini mwanamke huyu angeitwa shahidi, na shahidi aliyedanganywa hugeuka.

"Mwaitu, hii haiwezi kumnyonga. Hii inaweza kumtoa."

Mkono wa Wanza ulirudi nyuma. Vidole vikaifumba pakiti, kucha zikazama kwenye plastiki.

"Basi sitoi."

Nthambi alisimama pole pole. Hakuthubutu kunyang'anya. Ukucha mmoja ukipenya, pakiti ile ingekuwa unga tu wa kupikia, na wakili yeyote angesema mtu ametia njugu njiani. Alijisikia mnyonge kama hajawahi, afisa mzima wa serikali akiogopa kucha za bibi kizee.

"Krismasi ya mwaka juzi," akasema, "Kanini alivimba akiwa hapa."

"Alikula vibaya."

"Alikula nini?"

"Chakula."

"Mwaitu."

"Nilimkaangia njugu!" Wanza alipaza sauti. "Mjukuu amekuja kwangu, nimkaangie nini? Akavimba midomo, akatapika, ikaisha. Yule mwanamke akamkimbiza hospitali, akarudi kuniambia ati daktari amesema njugu zangu zingemuua. Njugu za shamba yangu! Mbele ya watu!"

"Na ni ukweli. Huu unga uliharibikia kwa mashine, Mwaitu. Njugu iliingia na Mutanu hakujua. Ilikuwa kidogo tu, na hiyo kidogo ndiyo ilimuua Kanini."

Kuku walikuwa wamefikia kunde na Wanza hakuwafukuza. Hatimaye alisema kwa sauti ndogo sana, "Kidogo tu?"

"Kijiko kimoja, labda chini ya hapo."

"Mimi nilimpa sahani."

Bibi aliilegeza mikono, kidole kimoja baada ya kingine, akaiweka pakiti kwenye kiganja cha Nthambi kwa uangalifu, kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto aliyelala.

"Mlimzika na nguo gani?" Nthambi aliuliza. "Mutanu ameniuliza."

"Ile ya buluu. Ile yeye alimnunulia." Wanza alifunika uso kwa leso. "Mwambie ni ile ya buluu."

*

Saa kumi na moja na dakika hamsini, Bwana Erastus alikuwa amevaa koti. Mzee Ndeti hakuwa amefika.

"Mkemia anachukua wiki moja," Erastus alisema, akiipindua pakiti. "Na mimi niko na kesho asubuhi."

"Nipe dakika kumi na pasi ya makaa."

Pasi ilitoka kwa mke wa polisi mmoja kule kwenye nyumba za mabati. Nthambi alikata karatasi mbili za kaki za kufungia sukari. Mbele ya Erastus, alikata pakiti ya chini ya gunia, akaweka kijiko kwenye karatasi ya kwanza, akakunja, akapitisha pasi. Alipofunua na kupangusa, karatasi ilibaki kavu. Kisha akamwomba Erastus aukague mstari wa mshumaa wa pakiti ya Muthetheni kwa kidole chake, akisema kwa sauti anachokiona. Erastus alisema: haujafunguliwa. Nthambi akakata, akaweka kijiko, akakunja, akapitisha pasi.

Harufu ilikuja kwanza. Chumba kizima kilinuka njugu za kukaanga. Karatasi ilipofunuliwa, doa la mafuta lilikuwa limeenea upana wa kiganja, na mwanga wa dirisha ulipenya katikati yake.

Erastus alivua koti.

"Hiyo si ripoti ya mkemia," alisema.

"Si ya mkemia. Lakini imetoka pakiti imefungwa. Mutanu hajawahi kuifungua."

"Na iliingiaje?"

"Mimi nitasema iliingiaje," sauti ilisema mlangoni. Mzee Ndeti alikuwa bado na suti yake ya kanisani, yenye unga nyuma. Mkewe alikuwa amemshika mkono. "Andika, mwiitu. Andika pole pole ndio nisikosee."

Ilipofika saa moja kasoro, maelezo yalikuwa na sahihi, karatasi za kaki zilikuwa kwenye bahasha, na Erastus alikuwa amemaliza kuongea na mwendesha mashtaka kwa simu. "Kesho haendi kortini," alisema. "Mwachilie kwa bondi ya polisi mpaka mkemia ajibu. Nthambi." Alivaa tena koti lake. "Sawa."

*

Nthambi alifungua seli mwenyewe. Alimweleza Mutanu yote kwa mpangilio kama yalivyokuwa: kikundi cha akina mama, wavu uliojaa mafuta, mahindi ya kuoshea, debe, gorogoro mbili, juu ya gunia. Alimwambia na habari ya nguo ya buluu. Alidhani anampa mtu uhuru wake.

Mutanu alisikiliza mpaka mwisho. Mlango ulikuwa wazi nyuma ya Nthambi na hakuutazama.

"Hiyo mahindi ya kuoshea. Kabla niombe waoshe, ilikuwa inamwagwa?"

"Haikuwa inamwagwa."

"Basi unga ya debe ilikuwa haiko."

"Mutanu."

"Wangesaga tu, vumbi kidogo ya njugu ipite, labda avimbe mdomo, nimkimbize hospitali. Ni mimi nilisema waoshe. Wakaosha, wakakusanya njugu yote mahali pamoja, wakaniletea." Aliteleza ukutani akakaa tena sakafuni. "Nipeleke kortini, afande. Ni mimi."

Nthambi alichuchumaa mbele yake. Alimshika miguu, ilikuwa baridi. "Hukujua," alisema. "Hakuna mtu alijua. Kila mmoja alifanya kitu kizuri."

Nje, askari wa zamu alikuwa akifunga dirisha. Kisha Mutanu aliinua kichwa taratibu, na macho yakawa na kitu kingine ndani.

"Hizo gorogoro mbili. Zilijaza pakiti mbili tu?"

"Mama Safiya alichanganya kwa mkono. Labda tano."

"Mimi nilichukua mbili. Tatu ziko wapi?"

Siku nzima Nthambi alikuwa ameitafuta pakiti kama ushahidi. Hakuwa ameifikiria hata mara moja kama chakula.

"Najua moja iko wapi," Mutanu alisema, na alikuwa tayari amesimama. "Nilikutana na mama mmoja kwa kliniki, wa Mumbuni, hapo nje ya mji. Msichana wake anavimba kama Kanini. Ni mimi nilimwambia anunue. Alikuja nyuma yangu siku hiyohiyo, akasema ataiweka mpaka ile ya nyumbani iishe."

"Ilikuwa itaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi. Ni sasa."

Nthambi alipiga kelele akimwita dereva. Dereva alijibu kutoka uani kwamba mafuta yalikwisha pale getini, alikuwa amesema. Erastus alitoka ofisini kuuliza kuna nini, Nthambi akamwambia kwa maneno machache ampigie Zaituni simu atafute waliochukua nyingine mbili.

"Pakiti iko na mwandiko yangu," Mutanu alisema, akishuka ngazi za stesheni. "Yule mama atasoma hauna njugu na ataniamini. Twende, afande. Watu wa Mumbuni wanapika uji jioni."

Wakaanza kukimbia. Viatu vya Mutanu vilikuwa bado kabatini, na hakuna kati yao aliyekumbuka kuvirudia.